Juzuu ya Tatu ya Ethelmira

Jumatatu, 2 Septemba 1816. Mvua tangu alfajiri. Ni ile ile ya Juni. Ilikuja kutembea, ikapapenda, ikahamia.

Shuleni kwa Bi Frobisher tulifundishwa kuandika shajara kwa utaratibu: kwanza hali ya hewa, kisha shukrani, mwisho makosa. Nimeushika utaratibu huo tangu nilipotoka pale. Makosa ndiyo hukosa nafasi, karatasi ikiisha.

Shukrani. Chai ilikuwa ya moto. Kaka Ambrose kikohozi kimemwacha. Jana aliweza kuhubiri, na wazee wakaweza kulala. Na kubwa kuliko yote: Bibi Mkubwa Maunder, tajiri wa mji wetu, anatafuta mwenzi wa kukaa naye mjini Bath msimu mzima wa baridi!

Ambrose aliileta habari hii mezani huku akipaka siagi, kama mtu anayesema paka wa jirani amezaa. Bibi Mkubwa anataka mwanamke mwenye tabia njema, mwenye sauti nzuri ya kusoma, asiyeshikwa na mafua. Ninavyo vyote vitatu! Ambrose akasema ni nafasi nzuri, dada, kisha akaitazama sahani yake. Sote wawili tunajua kwa nini aliitazama. Siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa mwezi huu, anamwoa Bi Dorcas, na Bi Dorcas ameshatamka kwamba hajaona nyumba yenye funguo za kuwatosha wanawake wawili. Nikiikosa Bath, nakwenda kwa Shangazi Tabitha kule mabwawani Lincoln. Shangazi ana bata bukini wengi na meko moja. Meko ni ya bata.

Vikwazo. Cha kwanza ni Bi Loveday Pascoe, wa nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Mpole, mnyamavu, na vidole vyake vina wino kila siku ya Mungu. Nadhani nyumbani kwake hakuna sabuni. Bibi Mkubwa humwita kila Jumatano amsomee, kwa hiyo amenitangulia.

Cha pili ni riwaya. Bibi Mkubwa siku hizi hana neno jingine mdomoni ila “Ethelmira, au Moyo Uliojaribiwa”, juzuu tatu, imeandikwa na “Bibi Mmoja”. Jina hakuna. England nzima inabahatisha. Juzuu ya kwanza nimeisoma, ya pili nimeisoma mara mbili, nikalia kila palipostahili. Ya pili imemwacha Ethelmira dirishani mwa mnara, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Na ya tatu haipatikani! Mama Tozer wa maktaba ya kuazima anayo nakala moja tu, nayo iko kwa nani? Kwa Loveday Pascoe. Tangu ilipowasili!

Nitakwendaje mbele ya Bibi Mkubwa wakati sijui hata mguu wa pili wa Ethelmira uko wapi?

Jumanne, 3 Septemba. Mvua, na upepo juu yake. Shukrani: mwavuli wangu uligeuka nje ndani mbele ya nyumba ya Loveday, si mbele ya bucha, ambako kuna watu.

Nilikuwa na mpango. Nilibeba keki ya zabibu, nikabisha hodi, nikaeleza kwa uso wa huzuni kwamba Mama Tozer amelala kitandani kwa wasiwasi wa kitabu chake, na mimi, kwa huruma tu, nimejitolea kukirudisha. Loveday akasema hilo linamshangaza, kwa sababu Mama Tozer amepita hapo dakika chache zilizopita akimfukuza mbuzi. Nikasema basi amepona. Tumshukuru Mungu.

Nikamwomba moja kwa moja. Akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema, “Nisamehe, Bi Thomasin. Bado sijakimaliza.” Akaichukua keki akaenda jikoni kuikata, akaniacha peke yangu na meza.

Na mezani: juzuu ya tatu!

Nikaifungua. Sikuamini macho yangu. Kurasa hazijakatwa! Kitabu kipya hutoka kwa mpiga chapa karatasi zikiwa bado zimeungana ukingoni, na msomaji wa kwanza ndiye mwenye heshima ya kuzipasua kwa kisu. Loveday amekaa nacho muda wote huo na kisu hakijakigusa. Hajasoma hata neno! Mtu kushikilia kitabu asichokisoma, ili mwenzake asikisome! Nimewahi kusikia juu ya choyo, lakini hiki kimekwenda shule.

Kisu sikuwa nacho. Nikasoma kurasa zilizokuwa wazi, na zilizofungana nikazichungulia kama mtu anayetazama ndani ya soksi. Kurasa mbili zinasomeka, mbili zimejificha, mbili zinasomeka. Juu ya Ethelmira sikupata kitu. Lakini nilimpata mtu mpya, ajuza wa kitajiri aitwaye Bibi Grimsdyke. Ukurasa mmoja uliishia hivi: “Hapakuwa na mtu katika wilaya nzima aliyetoka nyumbani kwa Bibi Grimsdyke ila”, na uliofuata kusomeka ulianza: “machozi yakimtoka kwa furaha.” Nikaelewa mara moja. Mama mwema, mkarimu, malaika wa kitabu. Yaliyofichika katikati bila shaka yalikuwa maelezo ya chakula.

Nikasikia sahani. Nikakifunga. Keki ilikuwa nzuri, nikamshukuru Loveday kwa kunikaribisha keki yangu.

Jumatano, 4 Septemba. Ukungu. Shukrani maalumu leo kwa ulimi wa Mama Tozer, usiojua Sabato.

Mpango mpya, na ni mzuri kuliko wa jana. Kusoma Ethelmira hakutanifikisha Bath. Kumwandika, ndiyo!

Nieleweke. Sikusema uongo. Nilikwenda maktaba, Mama Tozer akaanza kama kawaida yake: huyo Bibi Mmoja lazima awe mtu wa huku kwetu Devon, maana malai ya kwetu, ile krimu nzito ya maziwa, ameieleza sawasawa, na watu wa London wangeichanganya na maziwa. Mimi nikabana pumzi hadi nikawa mwekundu. Nikasema kwa sauti ndogo, “Tafadhali, Mama Tozer. Tusiyazungumze hayo.” Kisha nikadondosha kalamu niliyoibeba kwa kazi hiyo.

Mama Tozer akaiokota kalamu. Akaitazama. Akanitazama.

“Wewe!”

Nikasema siwezi kusema. Na kweli sikuweza, pumzi zilikuwa zimeniisha.

Kabla ya adhuhuri mwuza nyama alinivulia kofia. Baada ya adhuhuri akatuma maini, na salamu, na ombi kwamba iwapo nitamtia kitabuni nisiitaje mizani yake.

Ijumaa, 6 Septemba. Mvua nyembamba, ya adabu. Jana sikuwa na nafasi ya kuandika. Mwandishi ana wageni wengi.

Shukrani ni nyingi mno, nitataja chache. Ambrose amenijia kwa aibu akauliza kama yule kasisi wa juzuu ya kwanza, anayesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe, ni yeye. Nikampapasa mkono. Akasema amesamehe. Bi Dorcas ameniita “wifi”! Kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa “yule”. Kaniletea mto wa kuegemea, akakaa wima kwenye kiti, akazungumza sentensi nzima nzima, kama mtu anayechorwa picha.

Na mchana, mwaliko! Bibi Mkubwa Maunder ananiita chai kesho. Mtumishi wake kanong'ona kwamba mpwa wake wa London amemletea juzuu zote tatu, zimekatwa tayari, na kwamba Bibi Mkubwa amekuwa akicheka na ya tatu tangu Alhamisi hadi kilemba kikamwenda upande.

Loveday Pascoe naye kaja. Rangi imemtoka usoni. Akaketi bila kukaribishwa, akauliza kwa mnong'ono kama ni kweli nimekiandika. Nikasema siwezi kusema. Basi akanitazama kwa namna ambayo siwezi kuieleza, kama mpagazi aliyeona mtu mwingine akijitwisha mzigo wake barabarani. Akanishika mikono miwili.

“Bi Thomasin, juzuu ya tatu umeisoma?”

Nikasema mwandishi hana haja ya kusoma kitabu chake.

Akasema hilo ni kweli kabisa. Kisha akanisihi nisiende kesho. Niseme nina mafua, niseme nimeteguka mguu, niseme lolote, lakini nisiende. Karibu alie.

Wivu! Maskini, ulimtoka wazi mchana kweupe. Nilimsindikiza hadi mlangoni na kumshukuru kwa kujali. Ameniachia wino kwenye mkono wa gauni.

Jumamosi, 7 Septemba. Asubuhi mawingu. Baadaye sikutazama.

Shukrani: niko hai.

Tulikuwa watu wachache sebuleni kwa Bibi Mkubwa: mimi, Ambrose, Bi Dorcas, Loveday pembeni karibu na dirisha, na Kamanda, yaani kasuku wa nyumba, juu ya kiti chake. Bibi Mkubwa alinikalisha karibu na moto. Kwake hakuna anayekalishwa karibu na moto! Wageni wote wanajua kuvaa soksi mbili. Ambrose alinikonyeza. Nikajiona Bath.

Bibi Mkubwa akaniuliza kwa nini nilimwacha Ethelmira na mguu mmoja nje. Nikasema ili mguu wa pili uthaminiwe. Akapiga goti lake kwa furaha. Akauliza kuhusu malai. Nikasema malai inatoka moyoni. Mambo yalikwenda kama mafuta.

Kisha akainama kwangu, macho yanamcheka, akasema, “Sasa, mwanangu, tuambiane ukweli sisi wawili. Huyu Bibi Grimsdyke umemtoa wapi? Mimi nimeshamjua. Nimemjua ukurasa wa kwanza tu. Lakini nataka nisikie kwa kinywa chako.”

Nikaona mlango wa Bath unafunguka. Nikaweka kikombe chini. Nikaweka mkono kifuani.

“Ni wewe, Bibi Mkubwa.”

“Mimi?”

“Kila neno. Nilikuwa nakutazama usiku wa karata, nakwenda nyumbani naandika. Wala sikutia chumvi. Nilipunguza, ili watu waamini.”

Mkate mdogo wa Ambrose ukaanguka, upande wa siagi chini. Bi Dorcas akafumba macho. Kamanda peke yake alisema kitu. Alisema, “Turufu! Turufu!”

Bibi Mkubwa alisema polepole sana kwamba yeye alidhani ni wifi yake, Bibi Trewin wa Exeter. Kwamba kwa siku tatu amecheka akidhani ni Bibi Trewin wa Exeter. Kwamba alikuwa na nia ya kumpelekea Bibi Trewin nakala siku ya Krismasi. Kisha akachukua juzuu ya tatu, akaifungua, akanitia mikononi.

“Tusomee basi, mwandishi. Wasikie wote nilivyo.”

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri, hilo nilishukuru hata wakati ule. “Hapakuwa na mtu katika wilaya nzima aliyetoka nyumbani kwa Bibi Grimsdyke ila alitoka na njaa. Aliketi katika kilemba chake cha manjano akifunika moto kwa marinda yake, turufu tatu chini ya shali na ya nne ndani ya kiatu, na wageni walimwacha ashinde, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuitiwa gari la farasi la kurudi nyumbani. Ni kasuku wake aliyemfichua.”

Niliinua macho. Kilemba cha manjano. Shali. Nikamtazama Kamanda. Kamanda akanitazama mimi.

Mji mzima unajua Bibi Mkubwa anaiba karata. Mji mzima umemwacha ashinde miaka yote hii, kwa upendo na kwa ajili ya gari. Hakuna aliyewahi kulitamka. Na sasa nimelitamka mimi, kwa sauti nzuri, karibu na moto wake.

Nilisikia bata bukini wa Shangazi Tabitha. Nakuapia niliwasikia.

Hapo Loveday akasimama dirishani. Akasema Bibi Mkubwa asinilaumu, kwa sababu mimi sikuandika kitabu hiki. Sikuandika na wala sijakisoma! Nilikwenda kwake Jumanne kuililia juzuu ya tatu, na nakala yake haijakatwa, kila mtu anaweza kwenda kuitazama. Akasema, “Huyu alimsifu Bibi Grimsdyke kwa kutojua. Alidhani ni mtu mwema. Alitaka kukufurahisha tu, Bibi Mkubwa. Hana hila ya kuandika neno moja kati ya haya. Aliyeyaandika ni—”

Fimbo ya Bibi Mkubwa ikagonga sakafu.

“Kaa chini, Pascoe! Aliyeyaandika sitaki kumjua. Nikimjua itanibidi nimchukie, na kitabu nakipenda.” Akanigeukia. “Wewe. Ni kweli hujakisoma?”

Nikasema nimekichungulia. Kurasa mbili ndiyo, mbili hapana. Nikaeleza habari ya machozi ya furaha. Ambrose akaichukua juzuu mikononi mwangu, akasoma kimoyomoyo, akasema kwa sauti ya mazishi kwamba hayo machozi ni ya mgeni aliyefika nyumbani kwake na kukuta mkate.

Bibi Mkubwa akakitazama kitabu. Kitu fulani kikaanza kumtekenya shavuni.

“Basi hujui lolote.”

“Lolote, Bibi Mkubwa.”

“Basi ni wifi yangu!”

Akacheka hadi kilemba kikamwenda upande. Tukacheka sote, Ambrose kwa nguvu kuliko wote, maana gari lilikuwa halijaitwa. Bibi Mkubwa akafuta macho, akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema: “Aliyeandika ana macho makali mno kukaa naye meza moja. Waliosoma watakuwa wakinitazama shali. Wewe hukuandika na hukusoma, na uongo wako unaonekana toka mbali kama mnara wa kanisa. Wewe ndiye utakayekwenda nami Bath. Sharti moja: juzuu ya tatu usiiguse maisha yako.”

Nikaapa. Nikambusu mkono. Kamanda akasema turufu. Nikampenda hata yeye.

Jumapili, 8 Septemba. Jua! Jua kamili, hadi watu walitoka kanisani wakasimama kulitazama kama ndugu aliyerudi kutoka vitani. Shukrani leo sijui nianzie wapi. Bath. Moto wangu mwenyewe chumbani, nimeahidiwa. Ambrose aliniombea mbele ya waumini wote, akatokwa na machozi, na hakuna aliyesinzia isipokuwa wawili. Bi Dorcas ameniambia chumba changu hakitaguswa, wifi, nikija likizo. Nadhani amesema kweli.

Baada ya ibada Loveday alinifuata hadi bustanini. Nilimkumbatia. Kwa nini nisimkumbatie? Alisimama mbele ya yule mzee, akaniokoa na mabwawa ya Lincoln. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba namsikitikia, kwa kuwa Bath ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Akasema hakuitaka kamwe. Anataka nyumba yake, meza yake na kimya. Jumatano alikuwa akienda kwa kuogopa kukataa.

Kisha akatazama huku na huku, akasema mimi ndiye wa kushukuriwa. Siku zile nilizobeba jina lile alilala usingizi, mara ya kwanza tangu kitabu kitoke. Juzuu ya tatu aliishikilia kusudi, isimfikie Bibi Mkubwa. Hakuikata kwa sababu anaijua yote kwa moyo.

“Bi Thomasin, nimekiandika mimi.”

Masikini Loveday! Nilimkalisha kwenye benchi. Nikamshika mkono. Nikamwambia kwa upole kabisa, mwenzangu, mbinu hiyo nimeijaribu mimi mwenyewe wiki hii, na umeona ilikonifikisha. Haikufai. Halafu inataka haiba fulani, kalamu ya kudondosha, na pumzi. Asimwambie mtu mwingine yeyote. Mimi siri yake nitaitunza.

Loveday akasema basi kwa malipo ya wema wangu ataniambia mwisho, kwa kuwa nimeapa kutogusa kitabu na masikio hayakutajwa katika kiapo. Ethelmira anaurudisha mguu ndani. Anashuka ngazi za mnara kama mtu mwenye akili, anaufungua mlango ambao haukuwa umefungwa tangu mwanzo, anakwenda zake nyumbani kwa miguu, na kapteni anayempenda anamkuta jikoni anakunywa supu.

Nikamwambia hapana. Haiwezekani. Mlango haukufungwa? Supu? Ni wazi kwamba hajakisoma. Mwandishi wa juzuu ya pili hawezi kuandika upuuzi kama huo.

Loveday alicheka hadi akashika mbavu, hadi akalia, akajifuta kwa leso yenye wino ikampaka shavu zima. Nikaingia ndani nikamletea sabuni yangu ya lavenda, ile nzuri, nzima, sijaitumia hata mara moja. Nikasema ni ya shukrani, na aitumie kila siku, hasa vidoleni. Akaikumbatia. Sijapata kuona mtu akafurahia sabuni namna ile. Sasa naamini kweli hakuwa nayo.

Nimefunga sanduku. Bi Dorcas alinisaidia kukunja gauni. Kwa mujibu wa Mama Tozer, huko Bath wanazungumza jambo moja tu: Bibi Mmoja yule yule anaandika kitabu cha pili, kitatoka masika, na jina lake bado halijulikani.

Bath hawanijui.

Sitasema neno. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuwa mwekundu. Nimejaribu mbele ya kioo na pumzi sasa naibana zaidi ya Jumatano. Kalamu nimeiweka juu kabisa ya sanduku, mahali pa kuidondosha kwa urahisi.

Makosa ya leo: karatasi imeisha.